Hizo mbao za nje zinabeba nyumba au ni pambo?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi natembeza wageni hapa Lamu. Juzi nilikuwa na mgeni mmoja Mjerumani, tumetoka kuangalia ile Posta ya Wajerumani tukakaa barazani kupumzika, akatoa simu akanionyesha jumba la kwao liitwalo Cecilienhof, liko Potsdam karibu na Berlin, ukuta umekatwakatwa na mbao za kusimama, za kulala na za mshazari. Nikamuuliza hizo mbao ni urembo ama ndizo zinazoshika nyumba, hakujua. Akaniambia pia vita vikuu vya pili viliishia humo ndani, ni kweli? Na mbona walipokuja huku hawakujenga hivyo?
Mtembeza wageni, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu, swali lako nimelipenda sana manake watu wengi wanapiga picha tu wanapita.

Ujenzi huo Wajerumani wanauita fakhverki, na kwenye nyumba za zamani za kweli, mbao ndiyo nyumba yenyewe. Ukuta haubebi kitu. Fundi anasimamisha nguzo za mwaloni, mti mgumu wa kwao, juu ya msingi wa mawe ili unyevu usipande kwenye mti, analaza boriti, halafu zile za mshazari unazoziona ndizo zinazozuia nyumba isilale upande. Jaribu mwenyewe, funga vijiti vinne viwe mraba usukume pembe moja, utaona vinapinda vyote, sasa tia kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe usukume tena, haviendi popote. Nafasi zinazobaki katikati ndo wanasuka fito, wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu, juu wanapaka chokaa. Si unaona? Ni mkono uleule wa nyanya zetu wakikandika nyumba za udongo, tofauti ni kwamba sisi fito tunazifunga kwa kamba na wao wanachonga ulimi kwenye mti mmoja na tundu kwenye mwingine, wanaingiza, wanapigilia kigingi cha mti, msumari hauhitajiki. Na kinachonifurahisha mimi zaidi, fundi alikuwa anaunga kila kitu kwanza pale chini, anatia alama kwa patasi kwenye kila kiungo ili asichanganye, halafu anafumua na kwenda kuisimamisha kiwanjani. Mji wa Quedlinburg una nyumba za hivi zaidi ya 1,000, UNESCO imeuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, Lamu yetu ikaingia 2001.

Sasa hilo la mgeni wako ni jingine kidogo. Cecilienhof si la kale, limejengwa 1914 hadi 1917, vita vya kwanza vinaendelea, la Wilhelm, mwana wa mfalme wa Ujerumani, na mkewe Cecilie ambaye ndiye jina lake limepewa. Walitaka lifanane na majumba ya mashambani ya Uingereza ya miaka ya 1500, kwa hivyo hapo mbao zilichaguliwa kwa ajili ya sura, matofali yalikuwepo tele na yametumika. Mchoraji wa ramani yake ni Paul Schultze-Naumburg, mtu huyohuyo ambaye baadaye aliingia chama cha Hitler, na hilo nalo mgeni anafaa kuambiwa. Jumba lina vyumba 176 lakini ukilitazama huwezi kudhani, manake wamelizungusha kwenye viwanja vya ndani na paa wameliteremsha chini, limekaa kama nyumba kadhaa zilizosogeleana. Juu zimesimama dohani 55 za matofali.

Kuhusu vita, hapana, vita havikuishia humo. Ujerumani ilikuwa imeshasalimu amri mwezi Mei 1945. Truman wa Marekani, Stalin wa Urusi ya Kisovieti na Churchill wa Uingereza walikutana hapo kuanzia tarehe 17 Julai hadi 2 Agosti kuamua Ujerumani itatawaliwa vipi, na katikati ya mkutano Churchill akashindwa uchaguzi kwao nafasi yake ikachukuliwa na Attlee. Japani ilikuwa bado inapigana. Meza yao ya duara ya mita 3 hivi ilitengenezwa Moscow na ipo hadi leo.

Na huku kwetu, Wajerumani hawakukaa sana. Posta ilifunguliwa Novemba 1888 kwa sababu ya himaya yao ya Witu, huko bara karibu na Lamu, mkataba wa 1890 ukawapa Waingereza Witu, 1891 ikafungwa. Miaka miwili na kitu haitoshi, na mwaloni huku hauoti, wakaingia kwenye nyumba ya mawe ya Kilamu kama ilivyo. Siku nyingine ukimpeleka mgeni pale mwambie atazame dari. Upana wa vyumba vyetu vya zamani unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndo maana vyumba virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hivi, mwache apime kwa hatua zake mwenyewe.