Makadeti wa shule wasifutwe kimyakimya: jibu kwa mzazi mwenzetu wa Texas

Mzazi mwenzetu aliyeko Texas ameeleza kwamba bodi ya shule ya wilaya anakoishi inafikiria kuifuta JROTC, yaani programu ya makadeti wa kijeshi, katika sekondari anakosoma mwanawe, kuanzia mwaka ujao wa masomo. Anauliza kama wahamiaji kama sisi, ambao wengine bado hatujapata uraia na hatupigi kura, tunaweza kufanya lolote la maana kabla uamuzi haujapitishwa. Jibu langu ni kwamba mnaweza, tena mnaweza sana, ila mjue kwanza ni nini hasa kinachoiua programu hiyo. Nasema hivyo kwa sababu binti yangu alikuwa kadeti katika shule ya umma hapa Kentucky wakati wilaya yetu ilipoleta pendekezo la namna hiyohiyo, nami nilishiriki tangu kikao cha kwanza cha wazazi hadi siku ya kura.

Kwa wasomaji walioko nyumbani Afrika Mashariki, niseme mapema kwamba hii si JKT ya Tanzania, wala haifanani na NYS ya Kenya, yale mafunzo ya vijana ya kitaifa. Ni somo la hiari linalofundishwa ndani ya ratiba ya kawaida ya shule, na wakufunzi wake ni wanajeshi, wengi wao wastaafu, walioajiriwa na wilaya ya shule. Iliasisiwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1916 ikiwa chini ya jeshi la nchi kavu, na sheria nyingine ya mwaka 1964 ikafungua mlango kwa matawi mengine ya jeshi. Makadeti hujifunza kwata, uongozi, uraia, huduma ya kwanza, kusoma ramani na kuzungumza mbele ya watu, na kwa kawaida huvaa sare siku moja katika wiki. Akimaliza shule, kadeti hana wajibu wowote wa kuingia jeshini. Jambo hili la mwisho mtalirudia mara nyingi mno, kwa hiyo lizoeeni vinywani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Wazazi wengi wakisikia programu inafutwa hukimbilia kukusanya saini. Saini si mbaya, lakini hazijibu chochote iwapo hamjui tatizo liko wapi. Sheria ya Marekani inataka kila kikosi cha JROTC kiwe na angalau makadeti 100, au asilimia 10 ya wanafunzi wa sekondari hiyo, idadi yoyote iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Shule yenye wanafunzi 700 inahitaji makadeti 70. Shule yenye 2,000 inahitaji 100. Kikosi kikishuka chini ya hapo, tawi la jeshi linalokisimamia linaweza kukiweka chini ya uangalizi na hatimaye kukiondoa. Ikiwa hilo ndilo tatizo lenu, basi hata saini za mji mzima hazitasaidia kama watoto wenyewe hawajajiandikisha; kazi yenu iko kwa wanafunzi wa darasa la 8 watakaoingia sekondari mwakani, na kwa washauri wa wanafunzi wanaopanga ratiba.

Ikiwa tatizo ni fedha, mazungumzo ni mengine kabisa. Jeshi hutoa sare, vitabu na vifaa vya mafunzo. Mishahara ya wakufunzi hulipwa na wilaya, na jeshi huirudishia sehemu, ambayo kwa desturi imekuwa nusu ya kiwango cha chini kilichowekwa kisheria. Kikosi cha kawaida kina wakufunzi wawili, ofisa mmoja na sajini mmoja. Kwa hiyo mtu wa bajeti akionyesha mishahara miwili na kusema kwamba hiyo ndiyo gharama ya programu, mwombeni aonyeshe pia kiasi kinachorudishwa na jeshi, halafu mwulizeni makadeti wote hao watawekwa katika somo gani saa hiyo na nani atawafundisha, maana mwalimu huyo naye atalipwa, tena na wilaya peke yake. Katika wilaya yetu swali hili ndilo lililobadilisha sura ya mjadala. Akiba iliyotajwa katika karatasi ya mapendekezo ilikuwa imehesabiwa bila kuondoa marejesho ya jeshi, na baada ya kuhesabiwa upya ilibaki ndogo kiasi kwamba mjumbe mmoja aliyekuwa upande wa kufuta aliomba muda wa kufikiri tena. Wilaya nyingi ziko katika hali ya kubana matumizi tangu muda wa kutumia fedha za dharura za UVIKO kufikia ukomo Septemba 2024, na si haki kuwaona wajumbe wa bodi kuwa maadui kwa sababu wanatafuta pa kupunguza. Wapeni hesabu iliyo kamili, nao watawasikiliza.

Sababu ya tatu ni kukosekana kwa mkufunzi. Mstaafu akiondoka na nafasi yake ikakaa wazi, watoto hufundishwa na mwalimu wa muda, hamasa inapungua, idadi inashuka, kisha bodi inaambiwa kwamba programu imekufa yenyewe. Tafuteni kujua nafasi hiyo ilitangazwa lini na wapi. Mjue pia kikosi chenu ni cha tawi gani: vya jeshi la nchi kavu husimamiwa kutoka Fort Knox, ambako si mbali na kwetu, na vya jeshi la anga kutoka kituo cha Maxwell kule Alabama. Wakufunzi lazima waidhinishwe na tawi husika, na mkuu wa shule anayetaka kweli kupata mtu huwasiliana na ofisi hizo badala ya kungoja maombi yaje yenyewe.

Tena kuna tishio ambalo halionekani kwa urahisi, nalo ni ratiba na krediti, yaani vile vipimo vya masomo ambavyo mwanafunzi lazima avikusanye ili ahitimu. Tazameni yaliyotokea San Francisco. Novemba 2006 bodi ya shule ya mji huo ilipiga kura 4 kwa 2 kuimaliza JROTC, iliyokuwa na umri wa miaka 90 hapo mjini, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa sera ya jeshi ya wakati huo dhidi ya wanajeshi mashoga. Makadeti wenyewe, wengi wao watoto wa familia za Kiasia, walisimama kidete. Walihudhuria vikao, walizungumza, walizunguka mitaani, na Novemba 2008 wapiga kura wa mji huo wakaunga mkono programu katika kura ya ushauri isiyoilazimisha bodi. Mei 2009 bodi ikairudisha kwa kura 4 kwa 3. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imeondoa utaratibu wa kuihesabu JROTC badala ya elimu ya viungo, na idadi ya makadeti ilianguka vibaya, kwa kuwa mtoto mwenye nafasi moja tu ya somo la hiari hawezi kuitumia yote hapo huku bado anadaiwa elimu ya viungo. Kwa hiyo msiridhike mkisikia kwamba programu haitafutwa. Ulizeni kama itaendelea kuhesabiwa katika masharti ya kuhitimu, na kama itapangwa saa ambayo haigongani na masomo ambayo watoto wanayahitaji kwa chuo.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa. Katika mji wetu wapo Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na watoto wao walikuwa sehemu kubwa ya kikosi. Wazazi wao hawakuonekana kwenye kikao hata kimoja cha mwanzo. Wenzangu Wamarekani walidhani hawajali. Nilipokwenda kuzungumza na akina mama hao baada ya ibada, niliona kwamba wanajali kuliko wote, ila wanaogopa. Kwa mama aliyetoka Uvira au Bukavu, mtoto ndani ya magwanda humkumbusha kadogo, wale watoto waliobebeshwa bunduki katika vita vya 1996 na 1997 vilivyomwondoa Mobutu. Mmoja wao aliniambia kwamba kila akifua sare ya mwanawe moyo unamwenda mbio, lakini hajawahi kumkataza kwa sababu tangu aingie kwenye kikosi mtoto ameacha kukwepa shule. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhutubiwa kuhusu uzalendo. Anahitaji kujibiwa.

Tulimwomba sajini mkufunzi aje kwenye ukumbi wa kanisa, akiwa amevaa nguo za kiraia, na maswali yote yakatafsiriwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Waliuliza kama watoto wataitwa vitani, kama watoto wanashika silaha za kweli, na kama majina yao yanapelekwa jeshini. Alijibu moja baada ya jingine bila haraka: hakuna mkataba; mchezo wa kulenga shabaha hutumia bunduki za upepo, na mzazi anaweza kukataa mtoto wake asishiriki; na kuhusu majina, akaeleza jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui, kwamba sheria ya elimu ya Marekani inazitaka sekondari zinazopata fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji wa jeshi majina, anwani na simu za wanafunzi wao, wawe makadeti au wasiwe, isipokuwa mzazi ameandika kukataa. Fomu za kukataa zikagawiwa palepale. Wengine walizijaza, na bado wakaja kuitetea programu. Ninauheshimu sana uamuzi wao huo, na ninaamini ulikuwa na uzito kuliko hotuba zetu zote.

Msizifiche hoja za wapinzani, wala msiwadharau. Wapo walimu na wazazi wanaosema kwamba JROTC imewekwa zaidi katika shule za watu wa kipato cha chini ili jeshi lipate vijana, na hoja hiyo haiondoki kwa kupaza sauti. Mwaka 2022 mkaguzi wa shule za umma za Chicago alibaini kwamba baadhi ya shule ziliwaingiza karibu wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza katika programu bila wao kuichagua. Mwaka huohuo gazeti la New York Times lilichapisha kwamba wakufunzi wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi katika kipindi cha miaka mitano, na Bunge la Marekani likaongeza masharti ya usimamizi. Mzazi anayetaka programu ibaki ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba kila mtoto awe amejiunga kwa hiari na ridhaa ya mzazi, kwamba mkufunzi asikae peke yake na mwanafunzi faraghani, na kwamba malalamiko yapokelewe na mtu aliye nje ya kikosi. Sisi tuliyaandika madai hayo matatu ndani ya barua ileile ya kuitetea programu, na mjumbe aliyekuwa mkali kuliko wote akasema hadharani kwamba ndiyo barua ya kwanza aliyoiamini.

Kuhusu siku ya kikao chenyewe, jiandikisheni mapema kuzungumza, maana bodi nyingi hufunga orodha kabla kikao hakijaanza na hutoa dakika mbili au tatu tu kwa kila mtu. Huhitaji kuwa raia ili uzungumze. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri aandike mapema kuomba mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu zisiwaache wazazi nje kwa sababu ya lugha. Msitume makadeti wote wakaseme jambo lilelile. Kwetu alisimama mvulana aliyeeleza jinsi alivyojifunza kuamka mwenyewe na kuwahi basi, akafuata msichana aliyekuwa akihesabu vifaa vya kikosi na sasa anataka kusomea uhasibu, kisha mama wa Kikongo akazungumza kwa Kiswahili huku mwanawe akimtafsiria. Binti yangu alizungumza mwisho. Alikuwa mtoto asiyeweza kujibu salamu ya mgeni tulipofika nchi hii, na usiku ule alitaja gharama, idadi na sheria bila kutazama karatasi. Nilijivunia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Bodi yetu haikuifuta programu. Iliipa mwaka mmoja wa kurejesha idadi, na kazi ya kuwatembelea watoto wa darasa la 8 ikaanza wiki iliyofuata, ikifanywa na makadeti wenyewe. Walifika kwenye idadi inayotakiwa, ingawa kwa tofauti ndogo sana, na hadi leo kila majira ya kuchipua wazazi wanaulizia hesabu ya waliojiandikisha kabla bajeti haijafika mezani. Mwaka wa fedha wa shule nyingi huanza Julai, kwa hiyo mambo huamuliwa miezi kadhaa kabla, wakati ambapo watu wengi hawafuatilii. Huko Texas pia ulizeni tarehe ya bajeti, wala msingoje tarehe ya tangazo.

Ndugu yangu, ukipata nafasi tuandikie mambo manne: kikosi ni cha tawi gani, makadeti walioandikishwa ni wangapi na wanafunzi wa shule nzima ni wangapi, karatasi ya mapendekezo imetaja sababu gani, na kikao cha bodi ni lini. Nitakusaidia kuandaa barua ya Kiswahili ya kuwaalika wazazi, na nitakuwekea hapa yale madai yetu matatu neno kwa neno, mbadilishe mnavyoona inafaa.