Jibu: Nyama mbichi mezani, ni kawaida?

Yaya, umeuliza kama mkahawa wa Kikorea kukuletea nyama mbichi mezani ni kawaida. Ndiyo, wala hawajakudharau. Jiko liko katikati ya meza, mnachoma wenyewe. Si kama michopo, nyama choma yetu hapa Lubumbashi, mchomaji anakukatia nawe unangoja na pilipili yako.

Anza na samgyeopsal, nyama ya tumbo la nguruwe isiyotiwa viungo. Bulgogi, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye soya, sukari na vitunguu saumu, ije baadaye, maana ile sukari inaungua na kugandia wavu. Mafuta yakianza kuchuruzika na ukingo ukiwa kahawia, geuza, kata kwa mkasi palepale, ikiiva vizuri funga kwenye jani la saladi, tia lote mdomoni mara moja. Tafadhali sana, koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva, hasa mkiwa na watoto.

Vibakuli vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na mboga, kwa desturi ya Korea, havilipiwi.

Halafu bakizeni nafasi ya bingsu: barafu iliyoparuzwa laini, juu yake maharage mekundu yenye sukari. Usiyaogope hayo maharage. Mimi niliyapenda tangu kijiko cha kwanza.