Sita au tisa? Maswali yenu ya masikio

Meseji za juma hili karibu zote ni za masikio. Nimechagua tano, na majina nimeyaweka kando.

Baba anatulaumu kwamba tunanong'ona. Redio anaifungulia mpaka majirani wanasikiliza taarifa ya habari. Tukimwambia akapimwe anafoka: "Nawasikia vizuri!" Nani mkweli? (Binti, Pasua)

Wote. Baba hadanganyi: sauti anaisikia, yanayompotea ni maneno. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kuondoka na sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f, sh na t. Irabu ni nzito, hubaki. Sasa chukua "sita" na "tisa": irabu zile zile, tofauti ni s na t tu zilizobadilishana nafasi. Ndiyo maana mzee anaweza kusimama soko la Mbuyuni akabishania sado ya nyanya: yeye kasikia elfu sita, mama muuzaji anaapa alisema elfu tisa. Kwa mzee, tatizo ni kwamba watu wa siku hizi hawatamki.

Mwangalie na mengine, bila kumfanya mtuhumiwa. Anawaelewa wanaume kuliko wajukuu? Anatazama midomo? Anacheka wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka? Kwenye harusi, spika zikianza, anajitenga au anaaga mapema? Hilo la mwisho watu huliita uzee, wengine majivuno. Mimi linanitisha kuliko redio.

Usimwambie "baba, husikii". Mpe shikamoo yake, kisha mwombe mwende kuangalia kama kuna nta. Mara nyingine kweli ni nta tu, na kituo cha afya kinaweza kuitoa. (Njiti za pamba msizitumie, zinaisukuma ndani.) Kama si nta, atahitaji kipimo cha usikivu: anakaa sehemu tulivu, anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe kila akisikia mlio. Hakiumi. Hapa Moshi, idara ya masikio, pua na koo ipo KCMC. Na nyumbani acheni kumpigia kelele kutoka jikoni. Msogelee, akuone uso, ongea taratibu. Ukipaza sauti unakuza irabu, ile s inapotea vile vile.

Mwanangu, kijana mmoja alipita na vifaa vya kusikia, nikanunua kimoja. Kinapiga filimbi, na sahani zikigongana kichwa kinataka kupasuka. Nimekifungia kabatini. Hizi mashine ni utapeli? (Mzee, Kibosho)

Shikamoo mzee wangu. Ulichouziwa huenda ni kikuza sauti tu: kinapandisha kila kitu kwa pamoja, sauti ya bibi na ya sufuria. Mashine halisi ya sikio, ambayo serikalini wanaiita shimesikio, hupangwa kwa kufuata kipimo chako. Inaongeza pale ulipopungukiwa, mahali pengine inapaacha, na ina kikomo ili kishindo cha ghafla kisikuumize. Basi kipimo kwanza, mashine baadaye. Miwani ya kununua barabarani angalau haipigi filimbi.

Ile filimbi ni sauti inayovuja sikioni na kurudi kwenye maikrofoni. Mara nyingi kizibo, kile kipande kinachoingia sikioni, hakikukaa vizuri, au kuna nta. Kizibo kizuri hutengenezwa kwa kuchukua umbo la sikio lako mwenyewe.

Kuhusu aina: ya kukaa nyuma ya sikio ni imara, ina nguvu, na vidole vizito vinaimudu. Ipo yenye waya mwembamba na spika ndogo ndani ya tundu. Haionekani sana na inawafaa wengi waliopoteza sauti nyembamba, ila nta huziba ile spika. Zile ndogo zinazozama ndani zinapendwa na wasiotaka kuonekana, lakini betri yake ni ndogo na nguvu ina mpaka. Mtu wa shamba la migomba namshauri ile ya nyuma ya sikio. Kama masikio yote mawili yamepungua, mashine mbili zitakusaidia kujua sauti inatoka upande gani. Pesa ikitosha moja, anza na moja.

Halafu izoee. Ubongo wako umesahau kelele za sahani. Vaa saa chache kwa siku, nyumbani kwanza, uongeze polepole kwa wiki kadhaa.

Betri za mashine ya mama zinakufa hata kabla hajazitumia. Ameshazibandua vibandiko zote ziwe tayari. (Majengo)

Hapo ndipo zilipofia. Betri hizo za zinki hufanya kazi kwa hewa. Kibandiko kikitoka zinaanza kuisha, na kukirudisha hakusaidii. Abandue moja, asubiri dakika moja hivi, ndipo aiweke. Saizi huonekana kwa rangi: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Usiku afungue mlango wa betri. Na ziwe mbali na watoto: mtoto akimeza, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Nasaga mahindi Kiborloni. Jioni masikio yanalia kama nzi, asubuhi yanatulia. Ni kawaida?

Imezoeleka, si salama. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inavumilika saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono, umeshavuka. Pamba haitoshi. Tafuta vizibo vya povu au vifunika masikio vya mafundi. Vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio, vile vinavyopokea sauti, vikifa havioti tena.

Juzi nimeamka sikio la kushoto limezima. Haliumi. Nisubiri?

Hapana. Nenda leo. Sikio likizima ghafla bila sababu ni dharura, na dawa yake ina nafasi nzuri zaidi ikianza ndani ya siku za mwanzo. Usikubali kuambiwa ni baridi kabla mtu hajaangalia ndani na kukupima. Mengine haya utayasoma kwenye foleni.