NAT ya 1:1: seva inafikika toka nje ila ikitoka inabeba IP ya ruta

Mkuu, kama ukiwa nje unaifikia seva freshi kwa 203.0.113.10 halafu yenyewe ikitoka inaonekana na 203.0.113.2 ya ruta, hapo una nusu ya NAT ya 1:1 (IP moja ya nje kwa seva moja ya ndani, kuingia na kutoka). Umeandika dst-nat (kanuni ya kubadilisha IP ya kule pakiti inakoenda) ukaishia hapo. Ongeza src-nat (ya kubadilisha IP ya mtumaji), chochote kinachotoka 192.168.10.5, yaani IP ya ndani ya seva, kivishwe 203.0.113.10.

Sasa hiyo kanuni usiiache chini ya orodha. Mimi nilikesha kwa hili, seva ya barua pepe, meseji zinaingia vizuri ila tukituma zinarudi, nikahangaika na DNS (inayogeuza majina kuwa IP), nikamlaumu mtoa huduma, kumbe kanuni yangu ya src-nat ipo ila imekaa chini ya masquerade (kanuni inayovisha kila kinachotoka IP ya ruta), na MikroTik, ruta yangu, inasoma kuanzia juu, ikikuta inayolingana haishuki tena. Seva inatoka na IP ya ruta, huko wakiangalia rekodi ya PTR (jina lililowekwa kwa IP) ya hiyo IP wanakuta jina lisilohusiana kabisa, wanaikataa. Nilichoka nilipoona kaunta ya ile kanuni: pakiti 0 tangu niiandike. Anza kuangalia hapo kabla hujagusa kingine.

Nikaipandisha juu, bado! Nilikuwa nimeacha ping inakimbia toka kwenye seva, na NAT inaamuliwa kwenye pakiti ya kwanza tu ya koneksheni, zinazofuata zinatumia tafsiri ileile, kwa hiyo ping yangu yenyewe ndo ilikuwa inaishikilia IP ya zamani isife. Futa koneksheni za hiyo seva kwenye ruta ndo upime.

Halafu faiwoli. 1:1 inaleta poti zote za seva mlangoni, siyo ile moja unayoitaka, so ruhusu zako chache (25, 443 na kadhalika) zingine funga. Kwenye forward (kanuni za faiwoli za pakiti zinazopita ndani ya ruta) andika 192.168.10.5 maana dst-nat imeshapita kabla pakiti haijafika hapo, ukiandika IP ya nje kanuni haitamshika mtu.

Walioko ndani ya LAN wakishindwa kuifikia kwa jina, DNS ya ndani iwape 192.168.10.5, mi sipendi kuongeza NAT juu ya NAT.

Ukimaliza, ukiwa kwenye seva yenyewe fungua tovuti yoyote ya kuonyesha IP, ikikuletea .10 imekaa. Ikileta .2 tupia hapa kanuni zako zote kwa mpangilio zilivyo, usizipange upya.