Jibu: Asili ya historia ya marehemu katika Kanisa la Moravian

Ndugu, umeuliza kama historia ya marehemu inayosomwa mazikoni ina asili katika Kanisa la Moravian au ni desturi ya huku kwetu tu. Asili ipo: huko Herrnhut, Ujerumani, kijiji cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1722, washirika, wawe mafundi au makabaila, walihimizwa kuandika wenyewe habari za maisha yao, na mmoja wao alipofariki, ndugu au mchungaji aliongeza maelezo ya siku zake za mwisho, kisha yote yakasomwa mbele ya waombolezaji. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa hapohapo mpaka leo.

Makaburini nako mawe yalilazwa bapa kuonyesha usawa, wanaume upande wao na wanawake upande wao, bila kufuata ukoo, isipokuwa familia ya Zinzendorf (kabaila aliyewapa ardhi ya kijiji hicho), ambayo makaburi yake makubwa yapo katikati (usawa nao ulikuwa na mipaka).

Historia zetu nyingi hutaja kuzaliwa, shule, kazi na maradhi, ilhali wale wa Herrnhut walieleza hata mashaka yao ya imani. Kwa hiyo nashauri usharika wenu uwaombe wazee waandike, au wasimulie wajukuu waandike, wangali hai.