Mungu yuko kimya, nihame au nibaki?

Dada wa Ngamiani, Tanga, pole. Umesema biashara ya vitenge imelala, kaka anakuita Dar, umeomba na husikii kitu.

Acha kwanza kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Mtu mwenye hofu husoma kila mstari kama onyo. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, asubuhi na jioni. Ina mistari 6 tu, na mwimbaji anauliza "hata lini" mara 4 kabla ya kufika kwenye kuimba. Kulalamika mbele za Mungu si kukosa imani. Kisha omba hekima, kama Yakobo 1:5, usiombe ishara.

Halafu chukua daftari: nauli, kodi ya chumba, mtaji uliobaki, nani atabaki na mama. Wengi huruka hapa wakidhani hesabu ni kumjaribu Mungu, ilhali Luka 14:28 inataka mjenzi akae ahesabu gharama. Mwoneshe mzee wa kanisa msiri. Hata mitume, Matendo 15, waliamua kwa kujadiliana. (Nabii anayedai sadaka kabla ya jibu, mpite.)

Neno la Mungu, taa ya Zaburi 119:105, ni la miguu, halimuliki mpaka Chalinze huko njiani. Nenda Dar mwezi mmoja, fremu ya duka usiirudishe bado.