Punda mwenye mimba kagoma kula, usingoje kesho

Ndugu yangu wa Matondoni, umeuliza punda wako kapitisha miezi 12 hajazaa na tangu jana hagusi majani, na jirani anasema mwache mungu atamsaidia. Kuchelewa si neno, punda hubeba hata miezi 13 au 14. Kutokula ndo balaa. Punda mjamzito akikosa kula, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini linachoka, na anaweza kufa kwa siku chache tu, daktari akimtoa damu ikitulia kwenye chupa utaona maji ya juu yamekuwa meupe kama tui. Kwa hivo leo hii mpeleke kliniki ya punda pale Lamu mjini, ipo tangu 1987 na matibabu ni bure, kama hawezi kutembea piga simu waje, na mchanga na mawe asibebe kabisa.

Akianza uchungu, maji yakivunjika ikapita nusu saa bila mtoto, ita daktari. Ukiona mfuko mwekundu ndo umetangulia badala ya ule mweupe, upasue hapohapo, mtoto anakosa hewa. Kondo lisipotoka masaa matatu usilivute, ntakugombeza!

Na huyo jirani mwambie 2016 kule Bristol Uingereza sokwe gorila alionyesha dalili za kifafa cha mimba, wakaita daktari wa uzazi wa binadamu akampasua na mwana akatoka hai. Sasa wewe umuache punda anayekulisha?